Raba ya kikapu ya mtindo wa zamani inameguka, inabana au inateleza: chanzo chake na la kufanya

Raba hizi zilibuniwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, juu ya sakafu ya mbao, ndani ya ukumbi, na mchezaji alizivua mchezo ulipokwisha. Huku Mtwara na Lindi tunazivaa kutwa nzima: mchangani, kwenye vigae vya ofisi, juu ya bodaboda, na jioni ya Jumapili ufukweni. Karibu kila tatizo linalofikishwa kwa fundi viatu linaanzia kwenye tofauti hiyo, au kwenye hewa yetu yenye joto, unyevu na chumvi. Kwa hiyo kiatu kigeuze kwanza uone soli, ndipo utazame rangi na nembo.

Jua kwanza soli uliyonayo

Dalili ileile huwa na maana tofauti kwenye soli tofauti, kwa hiyo usiiruke hatua hii.

Soli ya bakuli ni mpira mzito uliofinyangwa kama sahani yenye ukingo. Sehemu ya juu ya kiatu imekalishwa ndani yake, ikagundishwa, kisha ikashonwa; ukiangalia pembeni utauona mshono. Adidas Superstar, Puma Clyde ya 1973, Nike Air Force 1 ya 1982, Air Jordan 1 na Nike Dunk za 1985 ziko kundi hili. Kwa pwani, hii ndiyo soli inayovumilia zaidi.

Soli iliyopikwa ni ile ya Converse All Star, kiatu kilichoanza 1917, na ya Nike Blazer ya miaka ya 1970. Utepe wa mpira unazungushwa kwenye turubai au ngozi, halafu kiatu kizima kinapikwa kwenye joto mpaka mpira unashikana. Ni nyembamba, inakunjika kirahisi, na chini ya mguu haina mto wa maana.

Soli ya povu ina tabaka nene la povu, mara nyingi limepakwa rangi, kati ya mguu na mpira wa chini. Air Jordan 3 ya 1988, Jordan 4 ya 1989, Jordan 5 ya 1990 na Jordan 6 ya 1991, pamoja na matoleo yake ya baadaye, zimejengwa hivyo, na povu lake ni poliyurethani. Linaubeba mguu vizuri sana. Adui yake ni unyevu.

Tafuta pia umri wa kiatu. Lebo ya ndani ya raba nyingi za Nike na Jordan ina tarehe mbili za kutengenezwa, zimeandikwa kwa mpangilio wa mwezi, siku na mwaka. Ikiwa lebo imefutika au imekatwa, kama inavyokuwa kwa viatu vingi vya mtumba, chukulia kwamba kiatu ni kizee mpaka soli ikuthibitishie vingine.

“Fundi, soli imekuwa unga”

Hili ndilo tatizo linalowauma watu kuliko yote, kwa sababu huwapata wale waliotunza. Kiatu kimekaa kwenye boksi miaka mingi, juu kinang'aa, unakivaa kwenda harusini, na kabla ya ukumbi soli imebaki njiani vipande vipande.

Sababu ya kwanza, na ya mara nyingi, ni povu la poliyurethani kuvunjwa na maji yaliyomo hewani. Unyevu unapenya ndani ya povu na kukata minyororo ya kemikali iliyolishikilia. Joto linaharakisha kazi hiyo. Boksi haliizuii. Povu huanza kuwa gumu, kisha linapata nyufa, mwisho linabonyea kama mkate mkavu au linanata kama gundi mbichi. Raba yenye povu hili iliyopita miaka 10 tangu itengenezwe ishuku, hata kama haijawahi kukanyaga ardhi. Kwa hewa ya Shangani, Mikindani au Kilwa Masoko, anza kuishuku mapema zaidi.

Sababu ya pili ni rangi peke yake. Povu liko zima, ila rangi iliyopakwa juu yake imekauka na kupasuka. Hili ni la sura tu.

Sababu ya tatu ni joto la moja kwa moja: kiatu kiliegeshwa juu ya bati, karibu na jiko, au kiligusa ekzozi ya pikipiki.

Vipimo vya kutenganisha hayo matatu, kuanzia kilicho rahisi:

1. Bonyeza povu kwa kidole gumba, kwa nguvu, sekunde 5. Povu zima linarudi lilipokuwa. Lililokufa linabaki na shimo, linatoa mlio mkavu au linaacha unga kidoleni.
2. Kwangua ufa mmoja taratibu kwa ukucha. Kikitoka kiganda chembamba cha rangi na chini yake povu ni laini, hiyo ni rangi. Zikitoka chembe za povu lenyewe, hiyo ni soli.
3. Kikunje kiatu pale vidole vinapokunjika, mara 3, huku umekisogeza sikioni. Mlio wa kukatika ni jibu.
4. Chunguza kuzunguka dirisha la mfuko wa hewa kisiginoni (pale pembeni ya soli panapoonyesha mfuko uliofungiwa ndani), kama lipo. Nyufa huanza hapo mapema.

Ukinunua mtumba, fanya hivyo vipimo sokoni kabla ya kuongea bei. Muuzaji akikukataza kukunja kiatu, kirudishe ulipokitoa.

Rangi iliyopasuka inarekebishika: kwangua iliyolegea, lainisha kwa msasa namba 400, futa vumbi, paka rangi ya akriliki ya viatu tabaka 3 nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Povu lililokufa halina gundi wala rangi ya kuliokoa. Gundi hushikana na uso wa povu, na uso huo ndio unaomeguka. Utagundisha leo na kesho litakatika milimita 2 pembeni ya gundi. Tiba ni moja: kuondoa soli yote na kuweka nyingine, iwe ya kiatu kingine cha modeli hiyohiyo kilicho kizima, au soli ya mpira ambayo fundi ataikata na kuishona. Hiyo ya pili inabadilisha sura ya kiatu. Kwa kuvaa kila siku si hasara, lakini kubaliana nalo kabla.

Simama hapa: raba iliyoanza kumeguka usiivae kwenye bodaboda, kwenye ngazi, wala unapobeba mtoto. Povu halitoi onyo la pili, kisigino kizima huondoka kwa hatua moja.

Soli inaachia mbele, kiatu kinafungua mdomo

Gundi iliyochoka ndiyo sababu ya kawaida, hasa kwa raba iliyolowa mara nyingi au iliyoanikwa juani. Inayofuata ni gundi ya dukani ile inayokauka papo hapo, aliyoitumia mtu wa kwanza kurekebisha. Ile ikikauka inakuwa kama kioo, na soli inayokunjika haitaki kioo. Inapasuka ndani ya siku chache na kuacha tabaka gumu linaloizuia gundi nzuri kushika. Mwisho ni turubai iliyochanika kando ya utepe wa mpira, jambo la kawaida kwa All Star pale vidole vinapokunjika. Hiyo ya mwisho haihitaji gundi, inahitaji kiraka cha ndani na uzi.

Fungua mdomo wa kiatu uangalie pande zote mbili. Ukiona gundi ya njano imebaki upande mmoja tu, kazi ni nyepesi. Ukiona povu limeshikana na pande zote mbili, rudi kwenye sehemu iliyotangulia. Si gundi iliyoachia, ni povu lililokatika katikati.

Kugundisha vizuri kunahitaji gundi ya kopo ya mafundi viatu, ile ya rangi ya asali inayopakwa pande mbili, na uvumilivu ambao wengi hawana:

1. Ondoa gundi yote ya zamani kwa kisu butu. Usiache hata iliyoshika vizuri.
2. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao utoweke, kisha futa vumbi kwa brashi kavu.
3. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo na uache dakika 10. Petroli usitumie, inaacha mafuta ambayo huyaoni, na gundi inayaona.
4. Paka tabaka jembamba pande zote mbili. Kwenye turubai na ngozi iliyokwaruzwa, tabaka la kwanza hunywewa, kwa hiyo likikauka paka la pili.
5. Subiri dakika 10 hadi 15, mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole gundi haikufuati.
6. Kutanisha ukianzia katikati kuelekea pembeni. Zikishagusana hazisogezwi tena.
7. Gonga kwa nyundo ya mpira, zungushia utepe wa tyubu ya baiskeli ukiuvuta, acha saa 24.

Kosa kubwa la huku ni kugundisha mvua ikinyesha. Kimiminika cha gundi kinapoyeyukia hewani kinaupoza uso wake, na hewa yenye unyevu inaacha umande mwembamba juu ya gundi. Utaona weupe kama pumzi kwenye kioo. Ukikutanisha hapo, umegundisha maji. Kati ya Desemba na Aprili chagua siku kavu, au pasha pande zote mbili kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya kukutanisha.

Gundi hii inawaka moto na moshi wake unalevya. Fanya kazi nje au mlangoni, mbali na jiko la mkaa, na watoto wasikae karibu. Kichwa kikianza kuuma, acha na utoke kwenye hewa safi.

Soli ya bakuli iliyoachia zaidi ya robo ya mzunguko usiimalize kwa gundi peke yake. Mpe fundi aishone kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, kwa kufuata matundu yaleyale ya zamani. Matundu mapya kando ya ya zamani yanageuka mstari wa kuchania.

Kinabana mbele, au kisigino kinatoka

Mara nyingi kosa ni namba, na namba zinadanganya. Nike yenye namba 8 ya Uingereza imeandikwa 42.5 na sentimita 27. Adidas yenye namba 8 hiyohiyo imeandikwa 42 na sentimita 26.5. All Star nayo huja kubwa kwa nusu namba. Ukimwambia muuzaji “navaa 8” hujamwambia kitu. Pima mguu jioni, ukiwa umevimba kidogo kama ulivyo kila siku: simama kisigino kikiwa ukutani juu ya karatasi, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu zaidi, pima miguu yote miwili, uchukue mkubwa. Halafu soma sentimita kwenye lebo. Ndani ya kiatu inatakiwa ibaki nafasi ya sentimita 1 mbele ya kidole.

Ukiwa na urefu sahihi na bado kinabana, tazama umbo. Superstar ina ganda la mpira juu ya vidole, na mpira huo hautanuki kamwe. Mtu mwenye kidole kidogo kilichotokeza nje ataumia mwezi wa kwanza na wa kumi vilevile. Jordan 1 na Dunk ni nyembamba katikati, ila ngozi yake halisi hulegea kwa upana. Ngozi hutanuka upana kidogo, urefu haitanuki. Ngozi ya bandia haitanuki popote, inapasuka.

Kukilainisha: soksi nene, saa 1 kwa siku ndani ya nyumba, siku 5 hadi 7. Legeza kamba za mashimo mawili ya mbele kabisa, kaza za katikati. Dawa ya kujaza maji kwenye mfuko na kukigandisha kiatu kwenye friza usiijaribu kwa raba ya zamani. Baridi inaipasua gundi kavu.

Kisigino kikitoka, sababu ya kwanza ni kuvaa shingo ndefu bila kufunga mashimo ya juu. Mtindo huo unapendeza, lakini kisigino cha Jordan 1 kinashikwa na kamba za pale kwenye kunjo la kifundo. Ukiupenda mtindo huo, acha wazi mashimo 2 ya juu tu, yaliyobaki kaza. Sababu ya pili ni kitambaa cha ndani ya kisigino kilicholika mpaka povu likaisha. Kiraka cha ngozi laini cha milimita 2 kinatosha.

Malengelenge yakipasuka na kuwa kidonda, kiatu kiweke kando mpaka kipone. Mwenye kisukari asisubiri hata siku moja: kidonda chochote cha mguu, au ganzi vidoleni, kinapelekwa hospitali. Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine, na kituo cha afya cha karibu kitakuelekeza.

Nyayo zinawaka, kisigino kinauma ifikapo saa tisa

Hapa watu hulaumu kiatu kuwa feki. Wakati mwingine ni feki, lakini hata halisi huuma. Raba ya mwaka 1985 ni bapa, na chini ya upinde wa mguu haina kitu. All Star inakupa kipande chembamba tu cha kukanyagia. Air Force 1 ina mfuko wa hewa kisiginoni, lakini kiatu kimoja cha namba 42 kinapita gramu 400, na uzito huo mguu unaunyanyua maelfu ya mara kwa siku.

Toa soli ya ndani uiangalie kwa mwanga. Ikiwa imebonyea chini ya kisigino na chini ya dole gumba kuliko kwingine, imekufa. Badilisha na ya povu la EVA yenye unene wa milimita 4 au 5. Nene zaidi ya hapo inaupandisha mguu, kisigino kinaanza kutoka, na ngozi ya juu inakubana mgongo wa mguu. Iliyogundishwa itoe kwa kuipasha na mashine ya nywele dakika 2, kisha vuta taratibu kutoka kisiginoni. Usitumie bisibisi, chini yake kuna mshono.

Bonyeza kisigino kwa ndani kwa gumba. Ukisikia upande mmoja unazama kuliko mwingine, au kinatoa mlio wa hewa, mfuko umetoboka. Hauzibiki. Kwa kiatu cha kila siku, jaza kwa kipande cha EVA au kistaafishe.

Anayesimama kutwa dukani au darasani tunamshauri soli ya povu jipya, au soli ya bakuli yenye soli ya ndani mpya. All Star iwe ya siku za nusu saa ya kutembea.

Maumivu makali kisiginoni kwa hatua ya kwanza ya asubuhi, yanayopungua ukishatembea, ni ishara ya mshipi wa unyayo kuvimba. Badilisha kiatu mara moja. Yakizidi wiki 2, au mguu ukivimba, kamuone daktari. Hapo soli mpya haitatosha.

Inateleza kwenye vigae

Anza na mchanga. Mifereji ya zigizaga na yale maduara chini ya vidole yalichorwa ili kushika mbao kavu na kumsaidia mchezaji kugeuka. Mchanga wetu mweupe wa pwani ukijaa humo, unatembea juu ya chembe zinazoviringika. Kwaruza mifereji kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kausha, jaribu tena kwenye kigae kikavu. Mara nyingi linaisha hapo.

Lisipoisha, bonyeza mpira wa chini kwa ukucha. Mpira uliozeeka unakuwa mgumu, ukucha hauachi alama. Kwaruza uso wake kwa msasa namba 120, kwa mwendo wa mviringo, ili uondoe ngozi ngumu ya juu. Inasaidia kwa muda. Kama mifereji imebaki chini ya milimita 1, msasa unaharakisha tu kifo. Inahitajika soli mpya.

Kisha kuna kosa la mafuta: mtu anapaka dawa ya viatu au mafuta ya nazi mpaka ukingo wa chini ili ung'ae. Yaoshe kwa sabuni ya vyombo. Na kwenye kigae chenye maji, kama baraza la kutawadhia au sakafu ya soko la samaki, hakuna raba ya kikapu ya kuaminika. Hata mpya.

Ngozi inapasuka au inabanduka

Tofautisha mawili. Nyufa ndogo kwenye kunjo la vidole, na chini yake unaona nyuzi kama manyoya: hiyo ni ngozi halisi iliyokauka, chumvi ikiwa mshukiwa wa kwanza. Maji ya bahari yakikauka yanaacha mstari mweupe, na chembe za chumvi zinanyonya na kukata nyuzi kila kiatu kinapokunjika. Kuitoa: siki na maji nusu kwa nusu, kitambaa kilichokamuliwa, futa, rudia kwa maji matupu, kausha kivulini siku nzima, kisha paka dawa ya viatu isiyo na rangi kidogo sana. Mafuta ya nazi yanapatikana kila nyumba huku, lakini yanaigeuza ngozi nyeupe kuwa ya njano na yanalainisha gundi yakifika ukingoni.

Ikibanduka kama ganda la plastiki na chini yake kukaonekana kitambaa, ni ngozi ya bandia, na imekufa kwa ugonjwa uleule wa povu. Haipakiki wala haigundishiki. Usitumie pesa hapo.

Waendesha bodaboda wana dalili yao: kiatu cha kushoto kimechakaa juu ya vidole, cha kulia kizima. Ni kwa sababu ya kuinua gia kwa ncha ya mguu. Vesha kidude cha gia kipande cha tyubu ya baiskeli, na swedi kama ya Puma Clyde iache nyumbani. Manyoya yake yanaisha ndani ya wiki. Abiria naye aangalie ekzozi. Soli iliyoyeyuka inang'aa na kuwa ngumu mahali pamoja, na hapo ndipo itakapopasukia.

Madoa na unjano

Msimu wa korosho unaleta doa ambalo miongozo ya kwingine hailijui. Maji ya bibo, tunda la mkorosho, yana ukakasi unaoshika kama rangi ya chai nzito. Yakidondokea kiatu, osha papo hapo kwa maji baridi na sabuni. Yakishakauka juani, kwenye turubai hayatoki yote. Mafuta meusi ya ganda la korosho ni jambo jingine, yanachoma ngozi ya mwili. Vaa glavu, yapangushe kwa karatasi bila kuyasambaza, kisha sabuni ya vyombo.

Udongo mwekundu wa barabara za Newala na Nachingwea usiusugue ukiwa umelowa. Uache ukauke, piga brashi, kinachobaki ndicho kinachooshwa. Kwenye mpira mweupe tu, ndimu na chumvi kidogo husaidia, halafu suuza vizuri.

Unjano wa soli nyeupe au ya kuonea ndani, kama ya Jordan 5 na ya Jordan 11 ya 1995, si uchafu. Ni mpira uliobadilishwa na hewa na jua. Jiki unauzidisha. Krimu ya haidrojeni peroksaidi ya saluni, ya asilimia 6, inaupunguza: zungushia utepe wa karatasi wenye gundi sehemu yote ya juu, paka krimu kwenye soli tu, funga kwa plastiki ya chakula, weka juani saa 2 hadi 4 ukikagua kila nusu saa, suuza. Vaa glavu na ulinde macho. Usiichanganye na jiki wala siki. Unjano utarudi baada ya miezi, na kama soli ina povu zee, joto la kazi hii linaweza kulimaliza. Hapo acha unjano ulivyo.

Ukungu na harufu

Ukungu unaota kwa kiatu kilichowekwa kikiwa na jasho. Kitoe nje kwanza, upige brashi huko, ufute kwa spiriti ya asilimia 70, ukianike kivulini penye upepo. Ndani jaza magazeti, uyabadilishe kila saa 2 au 3 mpaka yatoke makavu. Juani na juu ya bati hapana.

Harufu inayobaki: vijiko 2 vya chai vya bikaboneti ya soda ndani ya kila kiatu usiku kucha, asubuhi kung'uta. Ikirudi ndani ya siku 2, badilisha soli ya ndani. Ukiwa na jozi mbili, moja ikipumzika siku nzima, tatizo hili na lile la gundi, yote mawili hupungua. Vidole vikiwasha na kubanduka katikati, dawa ya fangasi inauzwa famasi. Visipopona kwa wiki 2, kamuone daktari.

Mlio wa kukwaruza kila hatua hauna hatari: mara nyingi ni soli ya ndani. Nyunyiza poda kidogo chini yake.

Ukimpelekea fundi

Mweleze aina ya soli, umri kama unaujua, na gundi iliyowahi kutumika. Mwambie wazi usichotaka: asipigilie misumari midogo kwenye soli ya bakuli, kwa sababu inatoboa kwenda kwenye mguu na inaota kutu, asikate ukingo kuusawazisha, asipake rangi kabla hujaona kazi ya chini. Kiatu chenye mfuko wa hewa mwonyeshe ulipo, ili sindano isiupitie. Siku ya kuchukua, kikunje mara 10 mbele yake, vuta ncha ya mbele kwa gumba, pitisha mkono ndani kutafuta ncha ya uzi au msumari, kisha vaa viwili vyote na utembee hatua 20 kwenye sakafu ngumu. Kimoja kikikuinamisha upande, soli imekaa kombo, na kuirudishia siku hiyohiyo ni rahisi kuliko baada ya wiki.